Mkalimani wa Cherel

Desemba 2024, niliposoma kwamba Michelle Botes, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyekuwa Cherel katika tamthilia ya Isidingo, amefariki dunia, aliyenijia akilini kwanza alikuwa bibi yangu mzaa mama, akiwa na ungo wa karanga mapajani, sebuleni kwa mama mdogo, mtaa wa Chang'ombe, Dodoma.

Nilikuwa kidato cha pili. Nyumba ya mama mdogo ndiyo pekee katika safu yetu iliyokuwa na televisheni, chogo la kioo kidogo lililoshinda limefunikwa kitambaa cha kufuma na kufunuliwa jioni tu, ITV ilipoonyesha Isidingo. Majirani walikuja na mikeka yao, watoto wakiwa mgongoni. Tamthilia hiyo, iliyoanza kurushwa kwao mwaka 1998, ilihusu watu wa Horizon Deep, mji wa kubuni wa machimbo ya dhahabu. Walizungumza Kiingereza wakichanganya na Kizulu, Kisotho na Kiafrikana, na maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya kioo upesi kuliko nilivyoweza kuyasoma. Kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa sekondari, nilipewa kigoda karibu na kioo na kazi ya kutafsiri.

Kazi hiyo haikuwa ndogo, kwa sababu mapenzi ya Horizon Deep yalisokotana kama uzi ulioachiwa paka. Mama mdogo alihesabu kwa vidole nani alikuwa na nani, nani alimwacha nani, na nani alirudi kwa aliyemwacha, hadi vidole vikamwishia. Barker Haines, aliyeigizwa na Robert Whitehead, alichukiwa sebuleni pale kwa jinsi alivyopenda fedha na hila. Hata hivyo, chuki ya kweli ilitunzwa kwa Cherel. Alipotokea tu, wanawake walisonya kwa pamoja. Ni Nandipha peke yake, aliyeishi na virusi vya Ukimwi, aliyetazamwa kimya kimya, kwani miaka ile hapakuwa na nyumba mtaani kwetu isiyomjua mtu kama yeye.

Niligundua mapema kwamba Cherel akiwa mbaya zaidi, mimi nasikilizwa zaidi. Basi nilianza kumwongezea. Akisema jambo la kawaida kwa sauti ya chini, mimi nililitafsiri kuwa tishio. Akimsifu mtu, niliifanya sifa hiyo kuwa kejeli. Sikuona kosa, maana matendo yake yenyewe yalikuwa mabaya vya kutosha, nami nilijiambia kwamba nafuata tabia yake.

Bibi alifika kutoka Mpunguzi wakati wa mavuno, akiwa na kiroba cha karanga alizotaka kuzibangua kabla ya kuzipeleka sokoni Majengo. Hakujua Kiingereza hata neno moja, na Kiswahili chake kilikuwa na Kigogo kingi. Jioni ya kwanza alifurahi kusikia Wazulu wakisema "abantu", akasema kumbe nao ni wanhu kama sisi. Baada ya hapo alinyamaza na kutazama, vidole vikivunja maganda bila msaada wa macho, punje zikidondoka kwenye ungo na kwenda mdundo mmoja.

Jioni ya tatu Cherel alisimama mbele ya Barker, akazungumza kwa muda mrefu. Alizungumza haraka, mtoto mmoja alikuwa akilia nyuma yangu, na ninakiri sikuelewa hata nusu. Wanawake waliniuliza kwa pamoja, "Amesemaje?" Nikajibu bila kusita kwamba ameapa kumwua. Sebule ililipuka. Mmoja alimlaani hadi ukoo wake.

Nilisikia mdundo wa karanga umekatika.

"Hakusema hivyo," Bibi alisema.

Mama mdogo alimweleza kwa heshima kwamba mtoto anasoma sekondari na Kiingereza anakijua. Bibi hakumtazama. Alikuwa akinitazama mimi, ganda moja likiwa limebanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, halijavunjwa.

"Mjukuu wangu, yule mama alipokuwa anasema alitazama chini mara mbili, tena akashika shingo yake. Anayeapa kuua hatazami chini. Yule alikuwa anaomba kitu. Ameomba nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba Cherel ni mwongo, na kwamba hata kuomba kwake kungeweza kuwa mtego, jambo ambalo kwa mwanamke yule lingewezekana kabisa. Lakini hilo halikuwa jibu la swali lake. Nilijibu kwamba sikusikia vizuri.

"Basi kama hukusikia, useme hukusikia," alisema. "Ubaya alionao unamtosha. Usimpe na wako."

Usiku ule nililala nikiwa na aibu kubwa, na asubuhi niliazima kamusi kwa mwanafunzi wa kidato cha nne. Jioni, Cherel alipoanza kuzungumza, nilitafsiri sentensi mbili nilizozielewa, ya tatu nikasema, "Hapo sikusikia." Wanawake waliguna. Jirani mmoja alisema leo mkalimani amechoka. Nyuma yangu karanga ziliendelea kudondoka kwenye ungo.