Paswedi siyo zawadi ya mapenzi

Wazazi na walezi wa Dar, tusisubiri hadi jicho livimbe. Ukatili wa wapenzi vijana mara nyingi huanzia kwenye simu: "Uko wapi? Piga picha nione." "Nipe paswedi yako." Binti yuko kwenye daladala ya Mbagala, anatuma picha ya siti kuthibitisha kwamba kakaa peke yake, halafu mashoga zake wanamwambia anapendwa! Wavulana nao wanafanyiwa, ila wanaona aibu kusema.

Mtoto wako akikusimulia, usimnyang'anye simu. Atajifunza kukuficha tu. Fungueni WhatsApp pamoja, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kifaa asichokitambua kitolewe. Kabla ya kufuta meseji yoyote, pigeni picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanafuta kwa hasira, ushahidi unapotea. Kumfungia namba huyo mpenzi ghafla nako kunaweza kumchochea, kwa hiyo pangeni kwanza nani atamsindikiza mtoto kutoka shule.

Akibakwa, asioge, na nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, maana unyevu huharibu ushahidi. Afike hospitali haraka: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Fomu ya PF3, ile ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa polisi; ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, bure.