Siku niliyounguza kivumbasi cha bibi

Bibi yangu pale Muheza alikua na vitalu viwili nyuma ya jiko, kivumbasi na mchaichai, na mtaa mzima ulikua unavijua, mtoto akibanwa mafua bibi anachuma kivumbasi anachemsha anamfukiza ndani ya kanga mpaka jasho limtoke. Mwaka 2016 nilivyoenda likizo nikakuta kivumbasi kimedumaa, vijani vidogo vya njano, na bibi kanyamaza tu hasemi kitu. Iliniuma sana.

Nilishasikia kwamba majani machanga ya mlonge yana homoni inayoamsha ukuaji, zeatini, ukiyatwanga ukapulizia maji yake kwenye majani mmea unanyanyuka. Basi nikatwanga kinu kizima, maji nikaweka kiduchu maana niliona nikizidisha nguvu itapungua, nikatia sabuni ya unga kwa mkono ili inate, nikapuliza saa saba mchana jua la Tanga linawaka!

Jioni kingo za majani zimekauka, ukishika zinavunjika kama karatasi iliyopitiwa na moto. Bibi akachuma jani moja akalinusa, akaniangalia, "mume wangu, mgonjwa hapewi dawa kwa pupa". Hakunigombeza. Usiku sikulala vizuri.

Kesho yake nikaenda kwa bwana shamba mmoja mstaafu jirani yetu, shikamoo nyingi, nikamweleza yote. Akasema kikombe kimoja cha maji ya mlonge kwa vikombe 30 vya maji, chuja vizuri la sivyo bomba litaziba, sabuni ya kipande iguse tu, na puliza alfajiri, chini ya jani maana vitundu vingi vya kupumulia viko huko, halafu usilaze, yakilala yanachacha. Na shinani weka samadi, akasisitiza sana hilo, na mimi mpaka leo naliamini kwa sababu sprei ni kama uji wa mgonjwa, chakula chenyewe kiko ardhini.

Tukakata yale yaliyoungua, tukaweka samadi ya mbuzi, nikawa naamka saa kumi na mbili kila baada ya wiki mbili, bibi ananishikia ndoo. Wiki ya tano hivi machipukizi yakatoka mapana, ya kijani kweli, ukipita na kanga ikagusa harufu inakufuata mpaka sebuleni.

Fungu la kwanza bibi aliniita nichume mwenyewe. Akaliosha mara mbili, akampa mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni anakoroma kwa mafua.