Nilivyootesha Dendromecon kwa moto
Watunza bustani wengi wa California wamekata tamaa na mbegu za Dendromecon, na siwalaumu. Ukizipanda kama mbegu nyingine za maua utamwagilia udongo mtupu mpaka uchoke. Kichaka hiki cha jamii ya mpopi kina spishi mbili tu: Dendromecon rigida ya vilima vikavu vya California na Baja California, na Dendromecon harfordii ya visiwa vya Channel, vilivyo nje ya pwani ya California. Mimi nilitaka rigida. Porini mbegu zake hulala ardhini hadi moto uunguze vichaka. Moto ukishapita na mvua za majira ya baridi zikanyesha, ndipo huota.

Basi nikazipelekea huo moto. Nilichukua chungu cha udongo, maana cha plastiki kingeyeyuka, nikakijaza mchanga mwingi na udongo kidogo, nikafukia mbegu juujuu. Juu yake nikarundika majani makavu ya msonobari, nikawasha. Nilifanya hivyo mvua zikiwa zimeshaanza, kwenye sakafu ya saruji, ndoo ya maji pembeni. California moto si wa kuchezea. Majani yaliwaka kwa fujo, yakazimika upesi, yakabaki majivu. Yalipopoa nikamwagilia taratibu ili vitu vya moshi vinavyoamsha mbegu vishuke hadi zilipo, kisha chungu nikakiacha nje kinyeshewe. Anayeishi ghorofani anaweza kuzilowesha mbegu kwenye maji ya moshi, yaani maji yaliyopitishiwa moshi.

Kwangu kazi ilikuwa kuhamisha miche. Mizizi yake haitaki kabisa kuguswa, kwa hiyo niliihamisha ingali midogo, na bonge lake zima la udongo, nikaipanda kwenye mteremko wenye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Ilipokwisha kushika, kiangazi sikuimwagilia tena, kwani joto likikutana na unyevu mizizi huoza.

Maua yana petali nne za njano iliyokolea, na sepali zake mbili, yaani vijani vinavyofunika ua kabla halijafunguka, hudondoka ua likichanua. Yakipita huja matunda membamba marefu, na hapo lazima uwe macho. Tunda likikauka hupasuka ghafla na kurusha mbegu, na sisimizi huzibeba kwa ajili ya kinundu chenye mafuta kilicho kwenye kila mbegu. Siku hizi navisha matunda vimfuko vya kitambaa chepesi mara tu yanapoanza kugeuka rangi.