Kumfuata mwenye kilabu wa kijiji kwenye kesi zake, Uingereza ya karne ya 19

Sitafuti kesi yoyote kabla sijajua mtu wangu alikuwa na leseni gani. Sensa, kuanzia ya 1841, husaidia: mmoja ameandikwa mwenye kilabu, mwingine muuza bia, mara nyingi pamoja na kazi nyingine kama uhunzi au useremala. Tofauti hiyo ndiyo inayoniambia nifungue faili zipi.

Mwenye kilabu aliuza hata pombe kali, kwa leseni ya mahakimu. Kwa sheria ya 1828, nje ya kaunti za Middlesex na Surrey mahakimu walikaa kuitoa kati ya Agosti 20 na Septemba 14. Muuza bia, kuanzia 1830, alilipa gini 2 (gini ni shilingi 21) kwa watu wa ushuru akafungua biashara sebuleni kwake bila kumwona hakimu. Kwa hiyo muuza bia wa 1850 hayumo kwenye orodha za mahakimu, na kumtafuta humo ni kupoteza muda. Anaanza kuonekana baada ya 1869, mahakimu walipopewa mamlaka juu yake.

Kesi zenyewe nazianzia magazetini. Kodi ya stempu juu ya magazeti ilifutwa 1855, na magazeti ya miji midogo yakaongezeka. Natafuta jina la kijiji na la kilabu kabla ya jina la mtu, maana kwenye magazeti yaliyowekwa mtandaoni kompyuta husoma vibaya chapa iliyofifia, na baba na mwana wenye jina moja walirithishana kaunta.

Shtaka la kuruhusu ulevi ndani, chini ya sheria ya 1872, lilikuwa na faini hadi pauni 10 kwa kosa la kwanza na 20 kwa yanayofuata. Kumwacha polisi aliye zamu akae kilabuni, vilevile. Kilichouma zaidi ni kosa kuandikwa kwenye leseni: la tatu lililoandikwa liliiondoa.

Halafu kuna saa. Sheria ya 1874 ilifunga vilabu vya vijijini saa 4 usiku, ila msafiri wa kweli aliweza kuhudumiwa saa zilizokatazwa. Sharti: awe amelala usiku uliotangulia umbali wa maili 3 au zaidi, kwa njia ya karibu kabisa ya umma. Mabishano ya Jumapili yamejaa hapa. Mimi hupima kwenye ramani ya zamani ya inchi 6 kwa maili, nikifuata barabara yenyewe. Mstari ulionyooka hudanganya.

Kiasi cha faini nakihakiki kwenye rejista ya mahakama, iliyolazimishwa na sheria ya 1879. Gazeti hujumlisha faini na gharama bila kusema. Pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi peni 12, hivyo "40s." ni pauni 2.

Nikikuta faini, kisha uhamisho wa leseni muda mfupi baadaye, natafuta mmiliki wa jengo. Mara nyingi ni kiwanda cha bia, kilichomwondoa mpangaji kabla mahakimu hawajaigusa leseni.