Tende Kidoleni

Mwalimu wa michezo alikuwa akihesabu jezi za timu ya mpira nilipomwendea kuomba nauli. Ilikuwa Ijumaa, mwisho wa Septemba 2007, Ramadhani imeshavuka nusu. Kesho yake wanne wetu tulikuwa tunakwenda kwenye mashindano ya chesi ya shule za sekondari, katika ukumbi mmoja karibu na Tononoka, Mombasa. Basi la shule lilikuwa la watu wa mpira, na hilo sikulinung'unikia. Nilichoomba ni pesa za matatu tu, kwenda na kurudi.

"Spoti ni jasho," aliniambia bila kuinua macho. "Nyinyi mnakaa vitini. Hayo ni mambo ya barazani, kama karata."

Nilikuwa kidato cha tatu, na hoja zangu nilizibeba mfukoni. Nikamwambia kwamba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelitambua shirikisho la chesi la dunia, FIDE, tangu 1999. Nikamwambia kwamba Julai ileile, kwenye Michezo ya Afrika kule Algiers, chesi ilikuwemo. Alifunga mkoba wa jezi, akasema waliokwenda Algiers hawakumwomba yeye nauli.

Tukachanga wenyewe.

Jambo hili lilinikera kwa sababu nyumbani halikuwahi kuwa swali. Mjomba wangu, kuli wa bandari ya Kilindini aliyenifunza, hakuwa na maneno mawili ya kutenganisha spoti na mambo ya barazani. Bao ni mchezo, dhumna mchezo, mpira mchezo, na sataranji (yeye hakusema chesi) mchezo. Hata gazeti ukurasa wake wa mwisho huandika "Michezo", basi. Ubao wetu ulikuwa wa kadibodi, na farasi mmoja mweusi alipopotea tulimweka kizibo cha soda mahali pake. Jioni tulicheza barazani kule Likoni, kahawa pembeni, watu wakipita na kutoa ushauri bila kuombwa. Mtu akikosea alirudisha kete yake, na hakuna aliyenuna.

Ukumbini hakuna kurudisha. Ukigusa umecheza.

Raundi ya mwisho ilianza saa tisa na nusu, kila mtu na dakika zake 90. Saa zilikuwa zile za zamani, nyuso mbili ndani ya kisanduku kimoja, na kibendera chekundu kinachoinuliwa polepole na mshale hadi kidondoke. Mwenzangu alikuwa kijana mrefu wa shule nyingine, hakuwa amefunga. Chupa yake ya maji ilikuwa juu ya meza. Aliponiona nimevaa kofia, akaiteremsha chini ya kiti, na muda wote ule hakuigusa. Hatukuwa tumesemezana hata neno moja.

Saa ya kwanza nilikuwa mzima. Ya pili, midomo ilianza kunata. Nilikuwa nimekunywa maji mara ya mwisho kwenye daku, kabla ya alfajiri, na feni ya ukumbi ilizungusha joto lilelile. Karatasi ya kuandikia hatua ililoa chini ya kiganja, wino ukasambaa, hata hatua ya 31 sikuweza kuisoma tena. Moyo ulinidunda kila nilipobonyeza saa. Nilijua mbio zinavyomchosha mtu, nilizikimbia shuleni kila muhula, lakini mbio huisha na ukalala chini ukapumua. Hapa nilitakiwa nikae kimya na nifikiri sawasawa kama nilivyofikiri saa tisa na nusu, na mwili haukutaka.

Hata hivyo nilikuwa mbele. Zilibaki ngome yangu na yake, wafalme wawili, na kitunda, ile kete ndogo, kimoja kimoja. Changu kilibakisha mraba mmoja kigeuke malkia, kikilindwa na mfalme wangu peke yake. Chake kilikuwa mbali. Ngome yake ilinipigia kelele shah baada ya shah, yaani kumtishia mfalme wangu kila hatua, na nilishaona dawa: nisogeze ngome yangu mraba mmoja, nizibe njia, yaishe.

Hapo adhana ya magharibi ikasikika.

Mtu akapitisha sahani ya tende mezani. Saa yangu ndiyo iliyokuwa ikienda. Nikachukua moja, nikasema dua, nikatafuna huku macho yakiwa ubaoni, na utamu ule ulinipanda kichwani mpaka nikaona kizunguzungu. Mkono ulitetemeka. Nilinyoosha kidole, kinanata tende, kuelekea kwenye ngome, na kikamkamata mfalme.

Nilimwachia haraka. Lakini alishasogea kidogo, na kwenye kichwa chake kulibaki uzi wa tende unaong'aa. Mwenzangu alimtazama mwamuzi, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba halipendi jambo lile. Mfalme alikuwa na mraba mmoja tu wa kwenda, nao ulimtoa karibu na kitunda. Nikampeleka. Ngome yake ikakila kitunda changu. Baada ya hatua kumi hivi nilimpa mkono. Yeye akainama, akatoa ile chupa chini ya kiti, akanikabidhi kabla hajanywa mwenyewe.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Karpov na Kasparov, waliogombea ubingwa wa dunia wa chesi pale Moscow. Walianza Septemba 1984, na Februari 1985, baada ya michezo 48, rais wa FIDE akalisimamisha pambano bila mshindi, akitaja uchovu wa wachezaji. Wengi huisimulia habari hiyo kama kioja. Mimi niliuona tena ule uzi wa tende. Nikiulizwa leo, nasema chesi ya barazani ni ya kupitisha jioni, kama mpira wa watoto ufukweni, na hakuna ubaya. Ukiweka saa, ukaweka mwamuzi, ukamnyima mtu kurudisha kete, basi ni spoti, na mwili unacheza pia.

Jioni ile ya mashindano, mjomba alikuwa akinisubiri mlangoni pa ukumbi, ametoka kazini moja kwa moja, vumbi la magunia bado nyusini. Akanishika shati mgongoni.

"Mwanangu, mimi leo nimeshusha sukari tangu asubuhi, na sijarowa hivi."

Kwenye feri nilimweleza yote. Hakusema pole. Tulipofika nyumbani, baada ya tarawehe, alitoa ubao wa kadibodi akauweka kati yetu.

"Nipangie vilevile ilivyokuwa," akasema. "Kabla hujamgusa mfalme."

Nikapanga. Akautazama ubao kwa muda, kisha akachukua ngome yangu kwa vidole viwili, akaisogeza mraba mmoja.