Utah, Jimbo la Maji Yasiyofika Baharini

Mtu anayetaka kulielewa jimbo la Utah, Marekani, aanze na mito yake, kabla hajasoma habari za Wamormoni au kutazama picha za miamba myekundu zinazosambaa mitandaoni. Jimbo hili linaikaribia Uganda kwa ukubwa wa eneo, ingawa sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 3.27 tu, na safu za milima zinaligawa katikati. Maji yanayoteremka upande wa magharibi hayana pa kutokea: mito ya Bear, Weber na Jordan inaishia katika Ziwa Kuu la Chumvi, ambako jua hunyonya maji na kuacha chumvi, kama ilivyo katika Ziwa Natron. Upande wa mashariki, mito ya Green na Colorado inakutana ndani ya makorongo ya Canyonlands na kuelekea kusini, lakini Colorado nao hunywewa njiani na miji na mashamba ya majimbo saba pamoja na Mexico, kiasi kwamba tangu miaka ya 1960 ni nadra kufika kwenye Ghuba ya California.

Ninaishi katika bonde la Salt Lake City, na kadiri ninavyosoma historia ya hapa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mambo yake makubwa, yakiwamo yale yanayosimuliwa kama mambo ya dini tu, yalitegemea nani ameshika maji.

Bonde lenyewe lilikuwa sakafu ya ziwa. Katika zama za barafu ziwa tunaloliita leo Bonneville lilifunika kilomita za mraba zipatazo 50,000, na kina chake kilizidi mita 300. Zaidi ya miaka 14,000 iliyopita lilivunja kingo zake upande wa kaskazini na kumwaga mafuriko makubwa mahali palipo sasa Idaho. Baadaye hali ya hewa ikawa kavu, na kilichosalia ni ziwa la chumvi pamoja na uwanda mweupe wa Bonneville ambako watu hushindana kwa magari ya kasi. Nikitazama milima ya Wasatch jua linapotua, naona mistari iliyonyooka ubavuni mwake, mmoja juu ya mwingine, kana kwamba imechorwa kwa rula. Hizo ni fukwe za zamani, na juu ya mojawapo kimejengwa Chuo Kikuu cha Utah. Chini ya milima hiyo kuna ufa wa ardhi ulio hai. Tetemeko la tarehe 18 Machi 2020, lenye ukubwa wa 5.7, liliangusha tarumbeta kutoka mkononi mwa malaika wa dhahabu aliyesimama juu ya hekalu la Wamormoni.

Walioishi hapa kwanza, Waute, Wapaiute, Wagoshute, Washoshone na Wanavajo, walijua mahali pa kuipata kila chemchemi. Ziwa Utah, ambalo maji yake ni matamu na ambalo humwaga katika mto Jordan, lilikuwa na samaki wengi, na Waute walikusanyika huko kila majira ya kuchipua. Mwaka 1776 mapadri wawili wa Kihispania, Domínguez na Escalante, walifika ziwani hapo wakitafuta njia ya kwenda California, wakalisifu bonde na kuondoka. Wageni waliokuja kukaa walifika Julai 1847.

Hao walikuwa Wamormoni, yaani wafuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mwanzilishi wao, Joseph Smith, aliuawa na kundi la watu wenye hasira huko Illinois mwaka 1844, na Brigham Young akawaongoza magharibi kutafuta nchi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Kikosi cha mbele kiliingia bondeni siku chache kabla yake na kukuta ardhi ngumu iliyovunja majembe ya plau, kikaziba kijito kilichotoka mlimani, kikalowesha udongo na kupanda viazi. Young alipofika tarehe 24 Julai, maji yalikuwa yameshaanza kazi. Baada ya hapo kila kijiji kipya kilichimba mfereji wake kwa nguvu za pamoja, na msimamizi wa maji akapanga zamu, hata usiku wa manane, ambapo mwenye zamu alitoka na koleo lake kufungua lango la shamba. Mtu wa Kilimanjaro aliyekua akiiona mifongo ya Wachagga hatahitaji maelezo zaidi. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1880 sheria iliruhusu haki ya maji kuwa mali ya mtu binafsi, na jambo hilo linatutesa hadi leo.

Katika kikosi hicho cha kwanza walikuwamo Waafrika watatu waliokuwa watumwa: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Nalitaja hili kwa sababu masimulizi ya sherehe za Julai za kuadhimisha kufika kwao yalilipita kwa haraka kwa miaka mingi, na kwa sababu bunge la eneo hilo lilihalalisha utumwa mwaka 1852, hali iliyodumu mpaka Bunge la Marekani lilipoupiga marufuku katika maeneo yake yote mwaka 1862. Mnara wa kumbukumbu ya Flake na wenzake umesimamishwa mwaka 2022 tu.

Waliolipa gharama kubwa zaidi ni Waute. Walowezi walijenga ngome kando ya Ziwa Utah, wakavua samaki wale wale na kuchunga ng'ombe kwenye majani yale yale, na mapema mwaka 1850 vita vikazuka. Mwaka 1861 Rais Lincoln aliwatengea bonde la Uintah, mbali na ziwa lao, na baada ya vita vilivyoongozwa na Black Hawk kuanzia mwaka 1865 wengi wao walilazimika kuhamia huko.

Reli ya kuvuka bara iliunganishwa katika kilele cha Promontory tarehe 10 Mei 1869, na upweke wa Wamormoni ukaisha. Utah ilisubiri kuwa jimbo mpaka tarehe 4 Januari 1896, baada ya kanisa kuachana rasmi na ndoa za wake wengi mwaka 1890.

Mtu ninayemheshimu zaidi katika historia hii ni John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe na bado akaushuka mto Colorado kwa mashua mwaka 1869. Katika ripoti yake ya mwaka 1878 alieleza kwamba nchi kavu za magharibi zipangwe kwa kufuata maji, kwa kuwa sehemu ndogo tu ndiyo ingeweza kumwagiliwa. Wanasiasa na wauza ardhi hawakumsikiliza. Mwaka 1922 majimbo saba yaligawana mto huo kwa hesabu zilizotokana na miaka yenye mvua nyingi kupita kawaida, yakagawana maji ambayo hayakuwapo, na wenyeji wa asili hawakuitwa mezani.

Utamaduni wa leo bado una alama ya wale wachimba mifereji. Barabara za Salt Lake City zina upana wa mita 40 hivi na zimepewa namba kuanzia hekaluni, hivyo anwani inakuambia umbali wako na hekalu, uwe muumini au usiwe. Waumini hawanywi chai wala kahawa, jambo linalomtatiza mgeni kutoka pwani yetu anayekaribishwa nyumbani kwa watu na kupewa soda. Kanisa hilo liliwanyima wanaume weusi ukuhani hadi mwaka 1978. Mwaka 2019 lilizindua hekalu Kinshasa, na humu mjini nawasikia Wakongomani wakiimba kwa Kiswahili Jumapili katika makanisa ya madhehebu mbalimbali. Wabajuni, Wabantu wa Somalia na Warundi waliokuja kama wakimbizi walianzisha ufugaji wa mbuzi magharibi ya mji, kwenye nyika ambayo wenyeji waliidharau.

Sasa turudi kwenye Ziwa Kuu la Chumvi. Mwaka 1987 lilijaa hadi kufikia kilomita za mraba zipatazo 8,500, na serikali ya jimbo ikatumia dola milioni 60 kununua pampu za kuyasukuma maji jangwani. Novemba 2022 lilishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze, likawa na eneo lisilofikia kilomita za mraba 2,500. Tope lililoachwa wazi lina aseniki, na upepo hulipeperusha kama vumbi kuelekea mjini. Ndege wa kuhama wapatao milioni kumi hupita hapa kila mwaka wakila kamba wadogo na nzi wa maji ya chumvi, na viumbe hao hufa chumvi inapozidi kiasi.

Ukame una sehemu yake, lakini maji mengi hutolewa mitoni kabla hayajafika, na sehemu kubwa humwagilia lusini ya kulishia ng'ombe. Sheria ilimpa kipaumbele aliyetangulia, na aliyeacha kutumia sehemu yake kwa miaka saba aliweza kuipoteza, hivyo mkulima aliyebana matumizi alijiponza mwenyewe. Mwaka 2022 bunge la jimbo lilirekebisha jambo hilo: mkulima anaweza kukodisha maji yake yaachwe yatiririke hadi ziwani bila kupoteza haki yake. Theluji nyingi ya majira ya baridi yaliyofuata ililipandisha ziwa, na baadhi ya viongozi wakashusha pumzi. Mimi sikushusha, kwa sababu theluji ya mwaka mmoja haibadilishi mgao, na fedha za kuwalipa wakulima hazijafikia kiwango cha kuwashawishi walio wengi.