Kutoka Dar es Salaam hadi Leipzig: Safari Iliyoishia Kwenye Sanduku la Barua

Niliondoka Dar es Salaam alasiri ya Ijumaa, tarehe 27 Septemba 2024, nikabadilisha ndege Addis Ababa usiku, na alfajiri ya Jumamosi nikatua Frankfurt, Ujerumani, nikiwa na sanduku moja kubwa na begi la mgongoni ambalo sikuliachia tangu nyumbani. Ndani ya begi hilo kulikuwa na barua ya udahili, vyeti halisi vya shahada yangu ya kwanza, hati ya bima, mkataba wa chumba na karatasi inayoonyesha kwamba nina fedha za kujikimu. Ofisa wa uhamiaji alitazama viza, kisha akaomba barua ya udahili na uthibitisho wa fedha. Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameziweka karatasi zake kwenye sanduku lililokuwa bado halijashushwa, naye akawekwa pembeni kusubiri. Kwa hiyo namsihi kila anayejiandaa kusafiri: karatasi zikae mkononi, nguo ndizo ziende chini ya ndege.

Kosa langu mimi lilikuwa tiketi ya treni. Nilikuwa nimenunua mapema ile ya bei nafuu, ambayo kwa Ujerumani hufungamana na treni moja tu, nikajipa saa moja na nusu baada ya kutua. Foleni ya pasi na kungoja mzigo vilimaliza muda wote huo, treni ikaondoka, na tiketi ikawa haina kazi tena. Nililazimika kununua nyingine kwa bei kubwa zaidi papo hapo kituoni. Anayetoka mbali na ajipe saa nne, au anunue tiketi isiyofungwa na treni yoyote.

Nilifika Leipzig, mji niliokwenda kusoma, mchana. Kwa kuwa msimamizi wa hosteli hafanyi kazi mwishoni mwa wiki, ufunguo wangu ulikuwa umechukuliwa Ijumaa na dada mmoja kutoka Kisumu, ambaye alikuwa mwaka wa tatu pale na ambaye tulifahamiana kwa njia ya simu tu. Kabla hata sijakiona chumba, alinipeleka dukani. "Mdogo wangu, kesho ni Jumapili," aliniambia, "na hapa Jumapili maduka yamefungwa. Nunua mchele, mayai na maji ya kukufikisha Jumatatu." Siku tano baadaye, tarehe 3 Oktoba, ambayo ni sikukuu ya muungano wa Ujerumani, nilikuta milango ya maduka imefungwa vilevile, lakini safari hiyo kabati langu halikuwa tupu.

Jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alielewe kabla ya kupanda ndege ni mpangilio wa karatasi, maana moja huizaa nyingine, na ukiruka moja zote zinasimama. Ili nipewe viza niliweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, na kutoka humo hutoka euro 992 kila mwezi. Fedha hizo ni zako, lakini huwezi kuzigusa mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya benki huko huko, na benki niliyokwenda ilitaka kwanza cheti cha kusajili anwani. Anwani husajiliwa ofisi ya jiji ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na ofisi hiyo haikubali mkataba wa pango peke yake. Inataka fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba akithibitisha kwamba unaishi kwake. Kwa aliyezoea barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa kwetu, jambo hili si geni, ila huku miadi huchukuliwa kwa intaneti na inaweza kuwa ya wiki kadhaa mbele. Mimi niliomba miadi nikiwa bado Dar es Salaam, na ndiyo iliyoniokoa.

Kwa sababu hiyo mwezi wako wa kwanza huku ni wa fedha taslimu. Kodi, chakula, na amana ya chumba, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, vyote vinakuja kabla ya zile euro 992. Bima ya afya ya wanafunzi nayo ilikuwa zaidi ya euro 120 kwa mwezi, na aliyetimiza miaka 30 kwa kawaida hapati kiwango hicho cha mwanafunzi. Wenzangu wanaokwenda kusoma shahada ya pili baada ya kazi ya miaka mingi waulize hilo mapema sana. Wengi hutegemea vibarua, lakini sheria inaruhusu siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, na mwezi huo wa kwanza ni vigumu kuajiriwa bila akaunti.

Akaunti niliifungua katikati ya Oktoba. Kadi na namba ya siri zingeletwa kwa posta, katika bahasha mbili tofauti. Wiki ikapita, ya pili ikapita, fedha zangu zikiwa benki na mimi nikihesabu sarafu. Benki ikanijulisha kwamba barua zote mbili zimerudi. Yule dada aliniuliza swali moja tu: "Umebandika jina chini?"

Nilishuka naye ngazi. Ukutani palikuwa na visanduku vya chuma, na kila kimoja kina jina la ukoo. Hakuna namba ya chumba popote, kwa kuwa anwani ya Kijerumani huishia kwenye namba ya jengo na tarishi hutafuta jina. Kisanduku changu bado kilikuwa na jina la mwanafunzi aliyehama. Nilikata kipande cha karatasi, nikaandika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasi, si lile la baba ambalo nimezoea kujitambulisha nalo, nikalibandika kwa selotepu. Benki ikazituma tena: bahasha ya kwanza ilifika Jumanne, ya pili Alhamisi, na jioni hiyo hiyo nililipa kodi ya Novemba.